Honda Kabla ya Kuwa Pikipiki

Kwetu Unguja neno honda limeshakuwa la kila pikipiki. Kuna honda ya Mhindi, honda ya Mchina, hata honda ya Yamaha. Hiyo ya mwisho nimeisikia kwa masikio yangu Darajani na aliyeisema wala hakucheka. Wengi hatukumbuki kwamba Honda alikuwa mtu, mtoto wa mfua vyuma, aliyevunjika mifupa ndani ya gari la mashindano na akaondoshwa chuoni akiwa na umri wa kuwasomesha wanafunzi wenzake.

Namuandika kwa sababu jina lake linatumika vibaya hapa Tunguu. Kila mitihani ikikaribia, hakosi mmoja mwenye simu mkononi na ile hadithi ya mistari mitano: Soichiro Honda hakuwa na digrii, chuo kilimfukuza, akaja kuwa tajiri wa dunia. Mazungumzo yanaishia hapo, na mwenye daftari anaonekana mjinga. Mimi nasomea ualimu, sasa hadithi kama hiyo inanihusu. Nikaenda kumsoma huyu mzee mwenyewe, na nilichokikuta hakifanani sana na kile cha kwenye simu.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mfua vyuma na baadaye akaingia kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Inasimuliwa kuwa siku gari la kwanza lilipopita kijijini kwao, Soichiro alilikimbilia nyuma mpaka likamshinda, kisha akainama kunusa mafuta yaliyodondoka njiani. Alipokuwa na miaka kama 10 akasikia Mmarekani mmoja, Art Smith, atarusha ndege Hamamatsu. Akachukua baiskeli ya baba yake, kubwa kuliko yeye, akaenda kilomita nyingi peke yake. Kufika, pesa ya kiingilio haikutosha, akapanda juu ya msonobari akaangalia bure.

Darasani hakuwa kitu. Ripoti ya skuli ilitakiwa irudishwe na muhuri wa familia ili mwalimu ajue mzazi ameiona. Soichiro akachonga muhuri wa bandia kwa mpira wa pedeli ya baiskeli. Wenzake walipoona umepita salama wakamuomba awachongee na wao, na hapo ndipo alipokamatwa. Muhuri huchongwa kinyume ili ukigonga utoke sawa. Jina la Honda, likiandikwa kwa herufi za kwao kutoka juu kwenda chini, ukiligeuza kama kwenye kioo linabaki vilevile. Majina ya wenzake hayakuwa hivyo, yakatoka yamepinduka. Ningekuwa mwalimu wake ningemkaripia, hakuna njia. Ila nadhani pia ningemuomba asimame mbele ya darasa atufundishe somo la maumbo yanayolingana pande mbili, maana alilijua zaidi kuliko kitabu, hata kama alilielewa nusu.

Mwaka 1922, ana miaka 15, alimaliza skuli ya msingi ya juu na baba yake akampeleka Tokyo kwenye gereji iitwayo Art Shokai, ya Bwana Yuzo Sakakibara. Hakupewa spana. Miezi ya mwanzo alifagia na kumbeba mtoto wa tajiri wake mgongoni. Spana boi yeyote wa Mwanakwerekwe anaijua hali hiyo: umekwenda kujifunza injini, unatumwa chai na maandazi. Alifikiria kutoroka lakini hakutoroka.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa likaipiga Tokyo na moto ukafuata. Gereji iliungua. Honda, ambaye alikuwa hajawahi kuendesha kwa maana ya kuendesha, akashika usukani akalitoa gari la mteja kwenye moto, na kwa mara ya kwanza akawa dereva katikati ya mji unaokimbiwa. Baada ya hapo kazi ikawa ni kufufua magari yaliyoungua. Bodi imekwisha, upholsta imekwisha, na magurudumu ya zama zile yalikuwa na spoku za mbao, kwa hivyo hizo nazo zimekwisha. Mafundi wengi wakarudi makwao. Waliobaki walilazimika kujua kila kitu: injini, bodi, rangi, mpaka useremala. Kijana wa miaka 16 akachonga spoku za mbao kwa mkono. Sisi tuliopanda chai maharage za njia ya shamba, zile gari za mbao zilizojengwa juu ya chesi ya lori, tunajua kuwa seremala na makenika si watu wawili mbalimbali. Kwa Honda walikuwa mtu mmoja.

Mwaka uliofuata wakaunda gari la mashindano. Hapa napenda niende polepole, kwa sababu wapo wenzetu wanaopenda yale magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini, yenye injini kubwa za V8, ambayo watu huyafungia kwenye gereji ya nyumbani miaka mitatu minne wakiyatoa kutu na kuyaongezea nguvu. Hawa wa Tokyo waliwatangulia kwa miaka 40. Walichukua injini ya ndege chakavu ya Curtiss, silinda nane, lita nane, wakaifunga juu ya chesi ya gari la Kimarekani aina ya Mitchell. Injini ya ndege haikukusudiwa kukaa ndani ya gari: mizunguko yake ni tofauti, upozaji wake ni tofauti, na gia ni kazi nyengine kabisa. Kila kiungo kati ya injini na tairi kilibidi kitengenezwe au kibadilishwe. Novemba 1924 gari hilo likashinda mashindano ya Japani, dereva akiwa Shinichi, mdogo wake Sakakibara, na pembeni yake, kama fundi wa ndani ya gari, ameketi Honda aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 18.

Mwaka 1928 Sakakibara akamruhusu afungue tawi la Art Shokai kwao Hamamatsu. Jambo la kwanza la maana alilolifanya lilitoka moja kwa moja kwenye ule moto: alitengeneza spoku za chuma cha kusubu badala ya mbao, akapata hataza, na zikauzwa nje mpaka Bara Hindi. Pesa ikaingia, na Honda akaila vizuri kwa starehe, hilo hata yeye hakulificha. Pesa nyengine iliishia kwenye magari ya mashindano. Tarehe 7 Juni 1936, kwenye uwanja wa Tamagawa, aliingia na Ford aliyoiongezea nguvu mwenyewe, ndani yumo yeye na mdogo wake Benjiro. Walikuwa mbele walipogongana na gari jengine na Ford ikapinduka. Honda aliumia usoni na mkononi. Benjiro aliumia uti wa mgongo. Mbio za Honda mwenyewe zikaishia mwaka huo.

Sasa tunafika pahala ambapo hadithi ya kwenye simu inakatisha njia.

Honda alichoka kutengeneza vitu vya wengine, akataka kuzalisha chake. Akachagua ringi za pistoni. Ukiishika mkononi, ringi ni kitu duni: pete nyembamba ya chuma. Kazi yake ni kuubana mripuko usivuje kando ya pistoni na kuyapangusa mafuta ya injini yasipande juu. Ikichoka, gari linakula oili na linatoa moshi wa buluu. Honda alidhani pete ni pete. Akatengeneza, ikawa ngumu kama jiwe, ikavunjika. Akatengeneza nyengine, ikawa laini, haibani. Alilala karakanani miezi mingi, pesa ikayeyuka, akamuendea mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi Hamamatsu na ringi yake mkononi. Wakaipima. Jibu lilikuwa fupi: haina silikoni ya kutosha.

Naomba msomaji afikirie kidogo. Huyu ni fundi aliyefunga injini ya ndege kwenye gari na anayejua ugonjwa wa mashine kwa kuisikiliza tu. Na ilibidi aambiwe na mwalimu wa maabara kwamba kilichokuwa kikimtesa ni kitu kisichoonekana, hakinuki, hakisikiki, na hakuna spana itakayokigusa. Mkono wake, pamoja na makovu yote, ulikuwa umefika mwisho wa safari yake.

Alifanya nini? Aliomba kusoma. Ana miaka kama 30, mke na kazi, akakaa darasani na vijana wadogo. Anaingia asubuhi, akitoka anarudi karakanani kujaribu alichokisikia. Alisikiliza khasa yale yanayohusu ringi. Mengine aliyaacha yapite, na mitihani hakuifanya. Baada ya kama miaka miwili chuo kikamuondoa. Inasimuliwa kuwa hakujali, akaona tiketi ya sinema ina faida zaidi kuliko cheti, maana tiketi angalau inakupa uhakika wa kuingia ukumbini. Maneno hayo ndiyo yanayosambazwa. Ila anayeyasambaza hasemi kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha kuyahudhuria masomo, ya chuma na ya kemia, miaka miwili mizima, kwa hiari, bila ya mtu kumsukuma. Alichokikataa ni karatasi. Elimu aliifuata mwenyewe, tena hakuridhika na chuo kimoja: alizunguka vyuo na viwanda vya chuma sehemu mbalimbali za Japani kuuliza. Na dunia haikumuonea huruma. Alipopeleka ringi 50 kwa kampuni ya Toyota zikapimwe, zilizofaulu ni 3. Ilimbidi arudi tena kujifunza namna ya kuzalisha kitu kile kile, kwa ubora ule ule, mara elfu.

Mimi jambo hili ninalo nyumbani. Ami yangu ana Peugeot 404 nyuma ya nyumba yake Fuoni, chini ya mshelisheli. Mwaka wa tatu huu anaifufua. Bodi ameipiga bati upya, viti ameshonesha, na injini ya Kifaransa ilipokosa spea akaitia injini ya Toyota ya gari lililogongwa. Mabano ya kuikamatisha aliyachomelea yeye mwenyewe. Kazi ya mkono haina lawama. Ila kila akitia ringi za bei rahisi, miezi minne haifiki inaanza kutoa moshi, naye hulaumu mafuta, au hulaumu joto, au hulaumu aliyemuuzia. Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, anashinda pale kila jioni na sasa anasema skuli haimpi kitu. Mama ananitegemea mimi, mwalimu mtarajiwa, nimpe nasaha. Nikamuuliza wanasoma nini kwenye kemia. Akanambia jedwali la elementi, wanaliimba. Silikoni anaijua, namba 14, hajakosea. Hakuna hata siku moja aliyosikia kuwa namba 14 imo, au haimo, ndani ya ile ringi aliyoishika jana jioni. Na ami, aliyemaliza darasa la saba, hakuna aliyewahi kumwambia pia. Kutoka lile darasa mpaka ule mshelisheli ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Hapo ndipo ninapokasirika na ile hadithi fupi. Inamwambia mdogo wangu achague upande. Honda hakuchagua, aliupanda ukuta, akachukua alichokihitaji, akashuka nacho. Najua pia kuwa si haki kumtarajia kila mtoto aupande peke yake, na kwamba Honda alikuwa na pesa za spoku mfukoni zilizomuwezesha kukaa darasani miaka miwili. Mtoto wa Fuoni hanazo. Akitoka skuli bila ya cheti, hata nafasi ya mafunzo ya amali inakuwa shida kuipata.

Niendelee. Vita vilipokuja, Toyota ikachukua asilimia 40 ya kiwanda chake cha ringi. Mabomu yakapiga jengo moja, na Januari 1945 tetemeko likaangusha jengine. Vita vilipokwisha akaiuzia Toyota kilichobaki kwa yeni 450,000, kisha akakaa karibu mwaka mzima hafanyi kazi ya maana. Watu wake walidhani amekwisha.

Mwaka 1946 akaona kwa rafiki yake injini ndogo ya jeshi, iliyokuwa ikizalisha umeme wa redio za vitani. Akarudi kwenye mchezo wake wa zamani: toa injini hapa, tia pale ambapo haikukusudiwa. Safari hii akaitia kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la kwanza lilikuwa chupa ya kutilia maji moto, ile watu wa nchi za baridi wanayolalia. Petroli ilikuwa kwa mgao, wakachanganya na mafuta yanayotokana na mizizi ya misonobari. Mke wake, Sachi, akaipanda akazunguka nayo mjini watu waione, ingawa inasemwa kuwa alihofia zaidi nguo yake nzuri kuingia mafuta. Injini zile za jeshi zilikuwa kama 500 na zikaisha haraka. Ikabidi abuni yake. Tarehe 24 Septemba 1948 ikasajiliwa kampuni ya Honda, na mwaka uliofuata akaja Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na mauzo, ambaye bila yeye pengine Honda angefilisika tena.

Yaliyofuata yanajulikana, nitapita mbio. Mwaka 1959 walikwenda kushindana kisiwa cha Man, na mwaka 1961 wakashinda. Mwaka 1963 wakaanza kuuza magari. Kubwa kwetu ni ile ya 1958, Super Cub, ndiyo honda ndogo aliyotutia mdomoni. Fujisawa alitaka pikipiki ambayo mpeleka chakula ataiendesha kwa mkono mmoja, mkono mwengine umebeba sinia la tambi. Kwa hivyo haina klachi ya mkononi, miguu inapita katikati bila ya kurusha, na kikinga mbele kinazuia tope lisiruke kwenye nguo. Mtu anayepeleka mikate alfajiri Michenzani anaielewa mara moja, haihitaji maelezo. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Lakini sitaki nimtie rangi mpya nikafunika kutu. Alikuwa mkali wa kupita kiasi. Wafanyakazi walimpa jina la radi, kwa sababu akikuta kosa hupiga kelele, hurusha chombo, na wakati mwengine alipiga kichwa cha mtu kwa kilichokuwa mkononi. Wapo wanaosimulia hayo kwa mapenzi, kama watu wazima wa hapa wanavyosimulia bakora za chuoni. Mimi siyasimulii hivyo. Fundi aliyepigwa anajifunza kutokosea mbele ya mkubwa, na kuficha kosa ni jambo la hatari panapohusika mashine.

Na ukaidi wake uliwahi kuwa na gharama kubwa zaidi. Aliamini injini ipozwe kwa upepo, si kwa maji na rejeta, kwa sababu mwisho wa yote hata maji yenyewe yanapozwa na upepo. Kwa pikipiki ilikuwa sawa. Kwa gari la mashindano la 1968 wahandisi vijana walikuwa na wasiwasi, na dereva wao mkuu, John Surtees, alilijaribu akalikataa, akaona halijawa tayari. Likapelekwa hivyo hivyo Rouen, Ufaransa, tarehe 7 Julai, akapewa Jo Schlesser. Mizunguko ya mwanzo tu, kwenye njia iliyolowa mvua, likatoka barabarani likawaka. Schlesser akafa ndani yake. Baada ya msiba huo mabishano ya maji na upepo yaliendelea ndani ya kampuni, mpaka Fujisawa akamtaka Honda achague: awe rais wa kampuni au awe mhandisi. Akachagua urais, na akawaachia vijana maji yao. Injini waliyoiunda hao vijana, CVCC, ndiyo iliyofaulu masharti mapya ya Marekani ya moshi wa magari mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kwa mara ya pili maishani mwake mkono wake ulikuwa umefika mwisho, na mara hii ilimbidi akubali kuwa wanaojua zaidi ni wale aliowaajiri.

Mwaka 1973, kampuni ilipotimiza miaka 25, yeye na Fujisawa wakastaafu pamoja. Hakumrithisha mtoto. Kiti kilikwenda kwa Kiyoshi Kawashima, mhandisi aliyekuja kwake kijana kabisa, kabla hata kampuni haijasajiliwa. Mkono wa kushoto wa Honda wakati huo ulikuwa na alama kila kidole, nyundo hapa, patasi pale, kwa kuwa wa kulia ndio uliokuwa ukipiga na wa kushoto ndio uliokuwa ukishika. Alipenda kuueleza kovu kwa kovu.

Baada ya kustaafu alizunguka Japani karibu mwaka na nusu, kwenye vituo vya kampuni kama 700, kumshika mkono kila mfanyakazi. Inasimuliwa kuwa fundi mmoja alificha mkono wake kwa kuwa una girisi, na mzee akaushika hivyo hivyo, akaunusa. Alifariki tarehe 5 Agosti 1991, ana miaka 84. Alikuwa ameshaagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa. Mtu aliyeuza magari, aliona, hana haki ya kufunga barabara za watu siku ya kufa kwake.